Mashine ya Majani Iliyopanda Mulima

Enzi zetu, miye na ninyi wa rika yangu tuliokulia Kasongo, hatukungoja moto za Kichina, pikipiki hizi, ndiyo tujue vile upepo wa vitesi, wa mbio, unatoa machozi mu macho. Naandika hii kwa sababu mujukuu wangu, motari wa kule Salamabila, anayebeba watu ku moto, alinicheka miye bibi yake juzi mbele ya watu. "Koko, eti weye uliendesha mashine ya kukata majani? Ilikuwa inakimbia sawa mbuzi?" Watu wakacheka. Vizuri, wacheke. Masomo niliachia darasa la tatu, mwalimu alikuwa anapiga sana na miye sipendi kupigwa, kwa hiyo herufi zangu zinapinda kama njia ya Kabambare. Lakini vile ilikuwa nitasema, na hakuna mutoto atakayenifunga kinywa.

Nakumbuka asubuhi zetu: moshi wa kuni mbichi, mupunga mupya unatwangwa, na mikate ya mawese ambayo jirani yetu Mama Zaituni alikuwa anakaanga kando ya barabara. Tulikuwa tunakimbiza rimu za baiskeli kwa kijiti, tunapiga mupira wa majani ya ndizi, na jioni tukiitwa mara moja tunafika. Leo unamuita mutoto mupaka sauti inakauka, kumbe ameinamisha kichwa ku telefone kama kuku mugonjwa. Mama yangu hakupenda kuona mutu amekaa bure. Alikuwa anasema, "Kama umechoka kucheza, njoo uchoke kwa faida," na anakupa sufuria za kusugua. Sombe, yale majani ya muhogo, aliyopika mama yangu, siioni tena. Siku hizi wanatia kila kitu cha mu pakiti. Lakini nimetoka mu njia, nirudi.

Papa alikuwa mulinzi ku nyumba ya Direkta wa kampuni ya pamba. Mbele ya nyumba ile kulikuwa uwanja wa majani, mukubwa, bila muhogo hata mumoja, na sisi tulishangaa: udongo muzuri hivi, na mutu anapanda majani? Na anayakata tena! Alikuwa na mashine nyekundu ya kukata, ile unakalia kama kiti na gidoni, usukani wa kuzunguka, mbele. Siku moja ikapanda kichuguu kilichofichika, kisu kikapinda, mota ikatoa moshi, ikanyamaza. Direkta akamuambia papa, mbele ya wapishi na kila mutu, "Ondoa hii takataka hapa, sitaki kuiona tena." Papa akaisukuma mupaka kwetu.

Yaya yangu Kitenge, kaka yangu mukubwa, alikuwa anafanya kazi ku mulini wa kukoboa mupunga. Akaizunguka ile mashine siku nzima kama mutu anayetaka kununua ngombe. Kisha akaanza. Alifungua tumbo lote la chini, mule visu vinazunguka, akalitupa, mashine ikawa nyepesi na ikasimama juu kidogo. Visu mama akavichukua, akavifanya vya kulimia. Yaya akaleta puli kubwa, gurudumu la kupitishia mukaba, iliyotupwa ku mulini akaifunga kwa mota, na kwa upande wa magurudumu akatia puli ndogo. Hapo ndipo vitesi inapotoka, vijana, si kwa kubandika picha za simba ku tanki. Akatoa na karesori, kaspringi kalikokuwa kanazuia mota isilie sana. Chini ya mbele akafunga chuma cha resori ya kamio, yaani lori, isivunjike mu mashimo, na magurudumu akayavisha vipande vya mipira ya zamani ili yashike udongo. Mafuta ya gia hatukuwa nayo. Tukatia mawese. Yakawa yanadondoka ku bomba la moto, basi kila tulipopita harufu ya mikate ilijaa mutaa, na watoto walitufuata wakifikiri Mama Zaituni amepata kamio.

Yaya alikuwa mukubwa wa mwili. Akiikalia mu mulima, mashine inagoma. Nikiikalia miye, inapanda. Ndiyo maana dereva nikawa miye, na yaya anakimbia nyuma na kipande cha muti cha kutia chini ya gurudumu, kwa sababu freni, breki yetu, ilikuwa ya kuombea Mungu. Wababa wakasema, "Mutoto mwanamuke, miguu wazi juu ya mota?" Mama akawajibu, "Ninyi mulizaliwa na mwanamuke aliyefunga miguu?" Wakaondoka.

Basi sauti ya mota ikafika kwa Direkta. Akaja mwenyewe, na shoferi wa gari yake, anacheka meno yote. "Mashine yangu imepona! Muzuri sana. Kesho muirudishe."

Papa, ambaye sijawahi kumusikia akimujibu mutu mukubwa, akasema, "Ile yako ilikufa, Direkta. Uliniambia niiondoe, niliiondoa. Hii iko ya watoto."

"Weye mulinzi, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naongea polepole."

Kesi ikaenda kwa sultani, shefu wetu wa eneo, muzee mumoja mufupi aliyekuwa anasikiliza huku anavuta tumbako. Direkta akasema mashine ni ya kukata majani, na majani ni yake. Papa akasema haikati tena, inabeba. Sultani akafikiri, akatema mate, akasema, "Muipakie mupunga. Ipande soko ya mulimani, ku njia ya Kabambare, irudi hapa mbele ya jua kulala. Ikirudi, iko kitu ya njia, iko yao. Ikikwama mu majani, irudie majani ya mwenyewe." Akamutuma shoferi wa Direkta atufuate na baiskeli, awe macho ya sultani.

Usiku ule sikula. Ku kazi papa alikuwa amekwisha kufukuzwa, hiyo tulijua. Kama tungepoteza na mashine, basi kinywa alichofungua kingekuwa bure, na Kasongo yote ingemucheka mupaka kaburini.

Kupanda tulipanda. Mota ililia, mawese yakanuka, yaya anasukuma, anatia muti, anatoa muti. Watu wa soko wakashangilia, wakashusha mupunga, wakatupatia ndizi. Tukaanza kurudi, mashine tupu, jua bado liko juu, na miye naimba kabisa. Shoferi nyuma amenuna.

Pale kati ya muteremuko, njia imebana, bonde huku na matete huku, nikaona vichwa vinapanda. Walikuwa wasukuma-baiskeli wa Lusangi, wale wanaume wanaopeleka chumvi na bidoni za mawese kwa miguu, baiskeli imebeba mupaka huoni gurudumu. Munajua wenyewe desturi yao. Anayepanda na muzigo hasimami, kwa sababu akisimama mu mulima hawezi tena kuondoka, muzigo unamurudisha chini, unaweza kumuvunja mugongo. Anayeshuka ndiye anatoka mu njia. Hakuna kuuliza wewe nani. Hata kamio ya kampuni ilikuwa inangoja.

Shoferi akapiga kelele nyuma, "Pita katikati! Piga honi, watatoka wenyewe!"

Nikamuangalia yaya. Yaya alikuwa anaangalia wale wanaopanda. Wa mbele mu musururu alikuwa muzee, mishipa ya shingo imesimama, macho yake yako chini, hata hakutuangalia. Alikuwa anajua tutatoka. Nikavuta gidoni, nikaingia mu matete.

Tukazama. Magurudumu yakajizungusha mu matope, majani yakajifunga mu puli, mukaba ukaruka, mota ikakufa. Nikabaki nimekaa mu matete marefu kuliko miye. Na ku njia, shoferi amelala juu ya gidoni ya baiskeli yake kwa kucheka. "Imekumbuka kwao! Mashine imerudia majani! Mutoto mwanamuke, umemurudishia Direkta mali yake na mukono wako mwenyewe." Nililia, nisiwadanganye. Yaya anang'oa majani kwa vidole, damu inatoka, jua linashuka.

Kisha tukasikia miguu. Wasukuma-baiskeli walikuwa wamefika juu, wameegemeza mizigo, na wamerudi chini wote. Wakaingia mu matete bila salamu, mumoja huku, mumoja kule, wakaimba ile "oye, oye" yao, wakainyanyua mashine pamoja na miye juu yake, wakaiweka mu njia. Yaya akarudisha mukaba. Mota ikakohoa, ikashika. Nilivyoshuka ule mulima, ndugu zangu, hata leo meno yananiuma nikifikiri.

Tulifika jua linagusa miti. Shoferi akawahi kusema, "Ilikwama! Ilikwama mu majani, watu wakaibeba!" Direkta akasimama kuchukua mali yake. Lakini nyuma yetu alikuwa amekuja yule muzee wa baiskeli, yaya alimueleza kesi mule mu matete, ameacha muzigo wake kule juu na wenzake. Sultani akamuuliza, "Kwa nini mulibeba mashine ya watu?"

"Alitupisha," muzee akasema. "Anayetupisha, tunamutoa. Ni vile siku zote."

Sultani akamugeukia Direkta. "Ile mashine ilipokuwa yako, iliwahi kumupisha mutu?"

Direkta akasema, "Swali gani hilo?"

"Basi hii siyo ile. Hii iko ya njia, wenye njia wamekwisha kuitambua. Papa wa Kitenge, peleka watoto wakule."

Direkta akaondoka na shoferi wake, akalaani kwa lugha zote alizojua. Kazi papa hakuirudia tena. Tulibeba mupunga na mashine ile miaka mingi, mupaka mota ikapasuka kabisa, na chuma chake vita vilikipitisha vinakojua vyenyewe. Yaya Kitenge naye amepumuzika.

Mujukuu wangu moto yake ni mupya, inametameta, inakimbia mara ngapi kuliko yetu, sikatai. Siku hizi motari wanapita mu ule muteremuko wanapiga honi toka mbali, na wamama wenye mizigo wanaruka mu matete kama panzi. Hakuna anayerudi kuwatoa. Wanaita hiyo maendeleo.

Miye siruki. Wiki jana nilikuwa napanda na kitunga cha muhogo ku kichwa, kijana mumoja akashuka anapiga honi, "Toka, mama muzee! Toka, nina haraka!" Sikutoka. Sikusimama hata. Niliangalia chini, nikaendelea kupanda. Akafunga freni, akateleza, akaingia mu matete na moto yake na miwani yake ya jua. Nikafika juu, nikashusha muhogo. Halafu nikarudi chini kumutoa, nikimutukana njia yote.