Kutafuta Sidiria ya Kuogelea Same

Mtaalamu wa viungo aliniambia niogelee huku akiutazama ukuta. Alikuwa kijana wa watu, amemaliza kunigonga magoti kwa kinyundo chake na kunikunja mgongo, na sasa alikuwa amefika mahali pagumu. Alisema pingili za chini zimebana mshipa, ndiyo maana mguu wa kushoto unakufa ganzi nikisimama darasani. Mlima nisipande, pikipiki nisiisogelee kabisa. Maji ndiyo yatakayonibeba wakati misuli ya mgongo inajifunza kazi upya. Kisha akakohoa.

"Na samahani, mwalimu, huko majini uvae kitu cha kushikilia huku mbele. Uzito wa mbele unauvuta mgongo."

"Matiti," nikamwambia. "Sema tu matiti. Ninayo siku nyingi."

Akainama kuniandikia vidonge.

Nilitoka pale na hasira, lakini nia nilikuwa nayo. Mama yangu alikuwa akiishi juu, Upare ya Kusini, katika kijiji ambacho gari linaishia sokoni. Kutoka hapo ni mguu tu, njia inapita kando ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, inapanda katikati ya migomba mpaka uani kwetu. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, na kushuka Same alikuwa amekataa katakata. Alisema huku kwetu chini ni joto na vumbi, na yeye hana mpango wa kukaushwa kama dagaa. Basi yeye hashuki, na mimi sipandi. Tangu mguu uanze kufa ganzi sikuwa nimemwona, na kila nilipompigia simu aliuliza jambo lile lile: nakuja lini.

Siku moja nilimwambia labda vijana wanipokee pale sokoni na machela. Alicheka mpaka akakohoa.

"Huku watu wanabebwa kushuka, mwanangu, wanapelekwa hospitali. Nani umemwona anabebwa kupanda? Njoo kwa miguu yako."

Nikamwahidi nitakuja kwa miguu yangu. Kwa ajili ya ahadi hiyo mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, nikaanza kutafuta sidiria ya kuogelea.

Kuogelea nilikuwa najua. Watoto wa milimani tulijifunzia ndivani, lile bwawa la mawe na udongo ambalo usiku linakusanya maji ya kijito, na asubuhi linafunguliwa watu wamwagilie mashamba kwa zamu. Wazee walitukataza, nasi tuliwahi kabla hawajafika kufungua. Halafu matiti yangu yakaanza kuota, mapema, na hayakujua mahali pa kusimama. Mama naye alikuwa hivyo hivyo. Akienda kulima alijifunga kipande cha kanga kuukuu kifuani, na mimi akanifunga cha kwangu. Nikaingia nacho majini. Kanga ikilowa fundo linalegea, na langu lilifunguka katikati ya ndiva, wavulana wamekaa ukingoni. Nilitoka nimejikumbatia na sikurudi tena.

Kwa hiyo nguo ndiyo iliyonitoa majini nikiwa msichana, na uzeeni nguo hiyo hiyo ikawa inanizuia kurudi.

Madukani Same nguo za kuogelea zilizokuwepo ni za watoto, zenye picha za samaki. Nikaenda kwa muuza mitumba, mama mmoja mwenye hijabu kubwa na sauti kubwa kuliko hijabu, aliyekuwa anauza sidiria peke yake, amezitundika kwenye kamba kuzunguka meza. Nikamnong'oneza kwamba nataka ya mazoezi. Sikuthubutu kutaja kuogelea. Mwalimu mzima, mji wenyewe maji ya kunywa ni ya mgawo.

"Mwalimu anataka ya mazoezi!" akamtangazia jirani yake, mwanamume anayeuza viatu. "Sogea apite, tunapima!"

Akanining'inizia kanga kwenye kona nijaribu. Ya kwanza ilikuwa na sponji nene, imesimama yenyewe hata bila mtu. Nilipoivaa nikajiona nimenyanyuka, mgongo umepata nafuu pale pale. Nikaondoka nayo nimefurahi kama mjinga.

Bwawa la kuogelea lilikuwa kwenye nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu. Msimamizi wake, mzee mpole mwenye wavu wa kuopolea majani, aliniruhusu niingie asubuhi kabla wageni hawajaamka. Juu ya sidiria nilivaa fulana nyeusi na chini suruali ya kubana, nikashuka ngazi. Ile sponji ikanywa maji. Ilikunywa mpaka nikahisi nimeongezewa jozi nyingine juu ya yangu, na nilipopanda kutoka, uzito wote ukaning'inia shingoni na mgongo ukapiga kelele. Nilisimama pale ukingoni natiririka kama paa la bati.

"Mama, umebeba nini humo?" mzee akauliza, kwa huruma kabisa.

Ya pili haikuwa na sponji. Muuzaji alinichagulia ndogo kwa makusudi, akaniapia kwamba ikibana ndiyo dawa. Kweli ilibana. Ilinilaza matiti yote mawili yakawa furushi moja, na nikiwa mkavu nilionekana kama askari. Majini nikagundua kwamba mtu anayeogelea anahitaji pumzi, na pumzi haikuwa na mahali pa kuingia. Hilo ningelivumilia, lakini ilikuwa ya kuvalia kichwani, haina kishikizo hata kimoja. Bafuni nilipotaka kuivua ikakwama, imelowa, mikono yangu imenasa juu ya kichwa na mgongo umekaza ukakataa kunyooka. Nikakaa sakafuni nimefunikwa uso na sidiria, nikaita. Alikuja mama anayefanya usafi, akajaribu kuivuta, mwishowe akaenda jikoni kuchukua kisu akaikata. Hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikoniliza. Nililia kwa sauti, kwa sababu niliona wazi kwamba kwa mama sitafika.

Ya tatu ilikuwa ya pamba, laini, starehe tupu. Ikilowa ilishuka kiunoni.

Nikarudi kwa muuzaji na safari hii sikunong'ona. Nikamwambia nataka ya kuogelea, niingie nayo majini na nitoke nayo majini, na muuza viatu akitaka asikie. Akanitazama.

"Sasa mwalimu, si ungesema tangu mwanzo? Mimi nakupa za kukimbilia, nadhani unakimbia."

"Na huu mgongo nakimbia kwenda wapi?"

Tukacheka, halafu nikamweleza nilichofundishwa na mwili wangu mwenyewe. Kitambaa kiwe cha kuteleza, kisichonywa maji. Sponji hapana. Kila titi liwe na nyumba yake. Mkanda wa chini uwe mpana, uzito ukae mbavuni, maana ukikaa begani unakwenda shingoni na kurudi mgongoni. Mikanda ya begani iwe mipana na isiwe ya kuvutika kama lastiki ya soksi. Na vishikizo viwepo, mtu aweze kutoka bila kisu. Akanisikiliza, akasema kitu kama hicho hakiji kila robota, atanitazamia.

Nikawa napita kila siku ya soko, naye ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. "Bado, mwalimu." Yalikuja marobota ya sidiria za harusi, za kunyonyeshea, za vitambaa vya lesi ambavyo sijui nani anavivaa Same. Mvua za masika zikaisha, upepo wa kiangazi ukaanza kutupaka vumbi, na mimi naambiwa bado. Mama naye kwa simu akawa anauliza, "Hicho kisidiria chako kimepatikana?" kwa sauti ya kusikika na majirani, maana ukoo mzima ulishajua. Alinishauri nirudie kipande cha kanga. Nilimkumbusha ya ndivani, akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua na alikuwa anachoka katikati ya sentensi. Nilisikia na nikajifanya sikusikia.

Ilipopatikana ilikuwa mbaya kwa sura, bluu iliyopauka. Niliimwagia maji ya chupa pale pale mezani, nikaikamua, haikunywa kitu. Nikaivaa nyuma ya kanga, nikapitisha vidole viwili chini ya mkanda, nikanyanyua mikono, nikainama. Haikusogea. Muuzaji alifungua kanga kidogo kuchungulia akaniona nimesimama wima, machozi yananitoka, naye akaanza kulia bila hata kujua analilia nini.

Kesho yake niliingia bwawani nikaogelea. Sijui niseme vipi. Kwa mara ya kwanza tangu utoto kifua changu hakikuwa mzigo, nilipumua kila nilipotaka, na nilipopanda ngazi mguu wa kushoto ulihisi ubaridi wa chuma. Nilimpigia mama nikiwa bado nimelowa.

"Nimeipata!"

"Basi njoo."

Nikamwambia asubiri kidogo, mtaalamu anataka misuli ikae sawa kwanza, nitapanda baada ya vuli. Akasema, "Haya."

Vuli haikuja. Mawingu yalikaa juu ya milima yakatuangalia sisi wa chini. Mgawo wa maji ukabana, na kila asubuhi bwawa lilikuwa limeshuka kidogo, mpaka asubuhi moja nikamkuta yule mzee yumo ndani, katikati, anafagia sakafu kavu. Akasema maji yaliyopo ni ya wageni kuogea, tena kwa ndoo. Nikabaki nimesimama ukingoni na sidiria yangu chini ya fulana, imefungwa vishikizo vyote. Sikuwa hata nimeizoea.

Niliulizia kwingine. Mtu akanitajia Ziwa Jipe, lenye viboko na mamba, na mimi nilitaka kuponya mgongo, sikutaka kuachana nao. Mama akaniambia kule kwake ukungu haukatiki na kijito kinatiririka.

"Ndiva inajaa kila siku, mwanangu. Maji ya bure kabisa. Si uje uogelee?"

"Mama, ili nifike ndivani ni lazima niwe nimeshapona."

Kwenye simu nilisikia kuku wa uani kwetu, na yeye anapumua. Kwa mara ya kwanza nilihisi kukata tamaa kabisa, hata hasira haikuwepo ya kunishika mkono. Ganzi ilikuwa imerudi mpaka pajani, na darasani nilikuwa nafundisha nimekaa.

Kaka yangu alipiga simu asubuhi, akasema mama ametutoka. Alikuwa ameugua ghafla, vijana wakaja na machela wamshushe hospitali, na kabla hawajamnyanyua akawa ameshaenda. Niliuliza kwa nini hawakuniambia anaumwa. Akasema mama mwenyewe alikataa, alisema nisije nikajilazimisha kupanda.

Nilivaa nguo nyeusi, na ndani yake ile sidiria ya bluu, kwa sababu ndiyo pekee iliyonishika gari liliporuka kwenye makorongo. Pale sokoni vijana walikuwa wananisubiri na machela ile ile iliyokuwa imeandaliwa kwa mama. Sikubisha. Nililala, wakaninyanyua mabegani, tukaanza kupanda, na wanawake waliotukuta njiani waliweka mizigo chini wakaziba midomo.

Kando ya ndiva waliniteremsha wabadilishane mabega. Kwenye msiba hakuna anayeshika jembe, kwa hiyo asubuhi ile hakuna aliyekuwa ameifungua. Ilikuwa imejaa mpaka juu, maji yanamwagika ukingoni na kupita kwenye nyasi karibu na kichwa changu. Nilitia mkono ndani. Yalikuwa baridi vile vile.

"Pole, mwalimu," mmoja akasema. "Tuendelee?"

Nikamwambia tuendelee. Sidiria ilinishika vizuri njia nzima, haikusogea hata kidogo. Nilifika uani kwetu nimelala, na mama naye amelala.