Nilipofungwa Taya, Wengine Walinijibia

Wewe unayeketi kwenye benchi la nje ya kliniki, leso umeivuta hadi puani, nakuandikia wewe kwanza. Mimi pia niliketi hapo. Leo niko hai, na ninatafuna.

Kabla ya haya nilikuwa msichana wa kufikiria mno. Nilimaliza chuo kikuu, sikupata kazi niliyosomea, nikaajiriwa katika saiba moja Kawangware, duka la intaneti, kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Mteja akisema "asante", jioni nzima nilijiuliza kwa nini hakusema "asante sana". Nilihamia kwa Dan, fundi wa simu wa mtaa huo huo, tukaishi kama mume na mke bila harusi. Mwanzoni alinitania kwa upole. "Tulia, msomi. Mimi nitafikiria kwa niaba yetu." Nilicheka. Nilihisi nimepata pa kupumzikia.

Halafu kukaja kusukumwa, kisha makofi. Kila mara nilikaa nikichambua maneno yangu, nikitafuta lipi lilimchokoza. Nilikuwa hodari wa kulipata.

Jioni moja alinikuta nikicheka na mteja mlangoni mwa saiba. Tulipofika nyumbani alinipiga ngumi moja tu, chini ya sikio la kushoto. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kichwa kama muwa. Nilipojaribu kufunga mdomo, meno ya chini hayakukutana na ya juu. Ulimi ulipapasa ukakuta ufizi umepasuka. Mate yakatoka mazito, mekundu. Kuta zetu ni mabati. Upande wa pili, jirani aliongeza sauti ya redio.

Asubuhi Dan mwenyewe alinipeleka hospitali, amenishika kiuno kama mume mwema. Kila swali alilijibu yeye. "Aliteleza bafuni." "Hapana, hana mimba." "Ndiyo, inamuuma."

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, Sista Akinyi. Alinitazama, akamtazama Dan.

"Kaka, nisaidie. Huyu kuanzia leo atakunywa kwa mrija. Enda unitafutie ule wa kupinda shingo, si ule wa kunyooka."

"Unapatikana wapi?"

"Zunguka tu maduka. Usirudi bila."

Alipotoka, Sista alifunga mlango kwa komeo. Kisha akavuta droo kutafuta glavu, nikaona mirija ya kupinda imejaa tele.

"Hebu niambie," alisema, "ile bafu ndiyo nimeituma dukani?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilitaka kucheka, taya likaniuma, nikalia.

Hakuniuliza kwa nini nilikaa naye. Kabla ya kunigusa popote aliomba ruhusa: "Naweza kushika hapa? Na hapa? Nikikuumiza inua mkono, naacha." Alikuta michubuko ya zamani mbavuni, akaiandika na kuipiga picha baada ya kuniuliza. Hakuna aliyekuwa ameniomba ruhusa ya kitu chochote kwa muda mrefu. Niliinua mkono mara moja bila kuumizwa, nione tu kama kweli ataacha. Aliacha.

Daktari alisema taya limevunjika mahali pawili. "Tutayafunga meno kwa nyaya, ya juu kwa ya chini, wiki sita. Lipone likiwa limetulia." Sista akampigia simu anti yangu, mdogo wake mama, anayeishi Laini Saba. Kutoka hospitali nilienda kwake.

Siku ya kutoka, Sista alinitundikia shingoni koleo ndogo ya kukatia nyaya. "Ukitapika, kata hapa na hapa, uinamishe kichwa. Matapishi yasiingie kwenye mapafu."

Mwenzangu mwingine angesikia maelezo. Mimi nilisikia hukumu. Nilianza kuogopa uji, kwa sababu uji ungeweza kurudi. Niliogopa maziwa. Anti alinichujia supu kwa chujio la chai, nikaimwaga akigeuka. Jamaa wa nyumba walikula ugali na sukuma wakiongea juu yangu mbele yangu, kama juu ya kabati lililoletwa kuhifadhiwa. "Amekonda." "Ukisoma sana unachagua wanaume vibaya." Niliweza kuongea kupitia meno, lakini sauti ilitoka kama ya mlevi, na mate yakachuruzika, basi nikaacha. Nilikaa pembeni na kikombe changu. Sijawahi kuwa mpweke hivyo nikiwa na watu wengi hivyo.

Siku moja nilizimia nikichota maji. Nilirudishwa kwa Sista.

"Unaogopa kutapika, ndiyo unakufa njaa?" Alinikalisha, akaninywesha uji mwepesi kwa mrija, polepole, funda baada ya funda, hadi tumbo likakubali. Kisha akawa ananiosha mdomo kwa sirinji ya maji ya chumvi, na baada ya kila kuosha ananiambia nisome bango la ukutani kwa sauti.

"Osha mikono kwa maji na sabuni," nikasoma, mate hadi kidevuni.

"Sijasikia. Rudia."

"Sista, natoa mate."

"Mate yanapanguswa. Rudia."

Kila kliniki ilikuwa hivyo. Nilifikiri ni mazoezi ya midomo.

Kisha Dan akatuma wazee. Walikuja baba yake mkubwa na mama yake, na mfuko wa unga, sukari na majani ya chai. Kwetu, ukipokea mfuko umepokea na maneno, na anti aliupokea. Simlaumu, chumba kimoja, midomo saba. Alipika chai.

Baba mkubwa alisema kijana amejuta, na ndoa ni kuvumiliana. Akanigeukia. "Mueni, mama, unasemaje?"

Nilikuwa bado napanga sentensi. Nilikuwa na nne, zote zenye adabu.

"Mtoto amenyamaza, amekubali," mama Dan alisema. "Msimsumbue, ni mgonjwa."

"Basi Jumamosi tunamchukua," akasema mzee, na anti akaitikia, "Sawa."

"Sirudi," nilisema.

Wakanitazama. Mate yalishuka hadi kwenye blauzi. Sikuyapangusa.

"Ni yeye aliyenivunja. Sirudi kwake. Mambo yetu yataishia polisi."

Anti alisimama, akauchukua mfuko ulipokuwa, akauweka miguuni pa mzee. Ulikuwa umefunguliwa tayari, sukari imepungua. Wageni waliacha chai kwenye vikombe.

Anti alininunia siku nyingi. Nyaya zilipotolewa nilienda peke yangu, na mdomo ulifunguka upana wa kidole tu. Sista aliunyoosha taratibu, wiki baada ya wiki, hadi ndizi mbivu, hadi chapati. Niliripoti polisi, na kesi bado inaendelea. Sasa nimepanga chumba Mashimoni. Jioni ni kimya, na bado nafikiria kupita kiasi, na kuna siku upweke unanikaba kuliko nyaya. Lakini hakuna anayenijibia.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Sista Akinyi. Wewe wa benchi, ingia. Ukiambiwa uinue mkono, uinue. Na wewe uliyemsindikiza dada au jirani, akiulizwa swali, funga mdomo wako. Hata akichelewa, hata akitoa mate, mngoje amalize.