Paka wa Muthangari Aliyegoma Kula

Juzi mteja aliniletea paka mnene aliyegoma kula. Nilipomfunua mdomo nikaona ufizi wa manjano, akili yangu, ndugu yangu, ilirudi mtaa wa Muthangari, miaka ile ya sabini. Katika watoto wote wa vyumba vya watumishi vya mtaa ule, ni mimi peke yangu niliyevuka bahari nikarudi na diploma ya tiba ya wanyama. "Ini limejaa mafuta," nikatamka kabla mteja hajaketi. Huwa sikosei.

Nilikuwa na miaka tisa. Memsahib aliyemwajiri mama alikwenda likizo kwao, akafunga nyumba, akatuachia paka wake mnene chumbani kwetu. Mlango usifunguliwe, aliagiza, asije akapotea. Shule zilikuwa zimefungwa, basi nikafungiwa naye. Dirisha lilitosha kichwa tu. Nje wenzangu waliruka kamba. Ndani palinuka mafuta ya taa na paka. Naye alijikunyata chini ya kitanda, hata maini hakuyagusa.

Mama alidhani ni unene uliomlemea. "Mwache afunge, mafuta yapungue." Siku ya tano macho ya paka yakawa manjano. Mama akaketi kitandani. "Huyu akifa, tumefukuzwa. Tutalala wapi?"

Kesho yake nyanya, mama yake mama, akafika kutoka kwao magharibi mwa nchi. Alimtazama paka, akaagiza uji mwepesi. Alisaga omena, vile visamaki vikavu, akachanganya, akamfunga paka kwa leso na kumlaza pajani. Kisha akamkingia kiganja mdomoni, kama watoto walivyolishwa kwao, akimimina kidogo kidogo. Mimi nilishika miguu, nikakwaruzwa.

Jirani yetu, mtunza bustani, akachungulia dirishani, akamtania nyanya. "Mama, nami nikigoma utanilisha hivyo?"

"Mdomo wako huo? Nitaazima karai."

Nyanya alimlisha paka mchana kutwa, majuma matatu, mpaka asubuhi moja paka akalamba sahani mwenyewe.

Memsahib aliporudi alinung'unika tu kwamba amekonda. Mama akabaki na kazi, nasi tukabaki mle chumbani miaka mingine minane, mlango u wazi na hatuna pa kwenda.

Sasa pale pamesimama maghorofa, na mtoto akilishwa kwa kiganja watu humwita mlishaji mshamba. Chuoni, mwalimu alipouliza tiba ya ugonjwa ule, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono: alishwe kwa nguvu, kidogo kidogo, kila siku. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu akataka kujua nimeyasoma wapi hayo.

"Nilifikiria tu," nikajibu.

Nyanya alikuwa ameshazikwa. Kiganja chake ndicho kilichotubakiza chini ya paa, nami sikukitaja.