Kikombe cha Mtu Aliyetosheka

Mama yangu alikuwa na neno moja la kumaliza mambo yote: "Nimetosheka." Ukitaka kumwongezea chai, anafunika kikombe kwa kiganja: nimetosheka. Ukimletea sweta mpya, nimetosheka. Kwetu Githongo watu walimsifu kwa hilo, nami nilijivunia, mpaka siku niliyotoka Embu kumsalimia nikakuta kidonda kwenye mguu wake, na yeye ni mgonjwa wa sukari.

"Twende hospitali, Mama."

"Ya nini? Mwili ni udongo tu. Mimi nimetosheka."

Woi! Nilikasirika hadi nduma niliyokuwa nikila ikanikwama kooni. Nilirudi Embu nikiwaza watakavyoukata ule mguu.

Pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, nilikopanga, mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mwalimu wa hesabu kutoka Sri Lanka. Ploti nzima ilimwita Muhindi. Alikuwa Mbudha, na alishachoka kutusahihisha. Kila jioni aliketi kwenye ngazi akiosha miguu kwa maji ya vuguvugu, kisha akikausha katikati ya vidole polepole, nami nikimcheka. Jioni hiyo sikucheka. Nilimrukia kwa maneno.

"Si wewe unayetuambia kila siku mtu atosheke, mwili unapita? Mbona basi unaubembeleza hivyo?"

Alimalizia kidole cha mwisho kwanza. "Mtu ametosheka, haongezi chai," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Lakini kikombe si anaosha?"

Akanieleza kwamba kwao kutosheka ni kuacha tamaa, si kuacha kazi. Mwili hawauabudu wala hawautupi. Wanautunza kwa sababu bila huo huwezi kumtendea mwenzako wema wowote.

Mengine yalinipita. Lakini kikombe! Mama hakuvumilia kikombe kilichokaukiwa na majani ya chai. Aliwahi kumrudisha mzee wa kanisa kutoka getini aje asuuze chake.

Jumamosi nilikuwa Githongo. Tulikunywa chai, akafunika kikombe.

"Sawa, umetosheka," nikasema. "Basi kiache hapo, usikioshe."

"Kwani mimi ni mchafu?"

"Na huo mguu je?"

Kuku walikuwa wakiparura chini ya mibuni. Kisha Mama akauliza ni nani aliyenifunza ujeuri huo.

"Jirani yangu. Mbudha."

"Yule Muhindi uliyenisimulia?"

"Ndiyo, Muhindi," nikakubali, sikuwa na nguvu za kubishana.

"Nipe viatu," akasema.

Kidonda kilichukua muda, lakini kilipona. Tangu hapo, kila nikienda nyumbani, nilimkuta mlangoni na beseni lake, akikausha katikati ya vidole, akinigombeza kwa kuchelewa. Jamani, ninazikumbuka hizo jioni.

Tulimzika mwaka jana. Tulipomvika nguo, mimi ndiye niliyemvalisha soksi. Miguu yote miwili ilikuwapo, safi, kucha zimekatwa. Niliporudi nyumbani niliingia jikoni, nikaona kikombe chake kwenye kichanja, alivyokiosha na kukifudikiza. Hapo ndipo nikalia.