Nilianika vyombo uani nipige picha, mama mkwe akajitwika mzigo

Wakuu, salamu kutoka Bunia, mtaa wa Bigo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, juzi Jumamosi. Anayetafuta chumvi aende jikoni, hapa sijaongeza.

Mimi ni fundi simu. Nikishatengeneza kamera ya mteja lazima niijaribu, na cha kujaribia ni kile kilichopo mezani: bisibisi, kikombe, andazi lililobaki.

Ugonjwa ulianzia hapo. Nikaanza kuvipanga.

Nilisimamisha uma kwenye kipande cha sabuni, taa ikiwa pembeni, kivuli ukutani kikawa msitu. Kichujio cha chai kikawa mwezi. Mke wangu, Mama Grâce, anasema nimekosa kazi. Sawa tu, lakini picha ni nzuri.

Sasa, tunaishi na mama yake. Alikimbia vita huko Bule, akafika kwetu na mzigo mmoja uliofungwa kwenye kitenge. Tulimpa rafu ya kuweka vitu vyake. Hakuitumia. Akitoa nguo anaivaa, anaifua, anairudisha, anafunga fundo upya. Usiku mzigo unalala karibu na kichwa chake, tayari kwa safari.

Hilo lilimuumiza sana mke wangu. Na mimi pia, niseme ukweli. Mtu yuko kwako lakini bado hajafika.

Halafu wiki iliyopita mama akatundika kitenge chake cha kanisani kwenye msumari. Kimoja tu. Tulitazamana tu na mke wangu tukatabasamu. Tuliogopa tukikisifia atakishusha.

Jumamosi ikafika. Mke wangu yuko sokoni, mama yuko kwenye maombi ya wamama, mtoto wetu Grâce amelala ndani. Mwanga wa asubuhi ulikuwa safi, nikapata wazo: nyumba nzima ndani ya fremu moja, ipigwe kutoka juu.

Nikatandika kitenge kikubwa uani. Nikapanga sufuria, termosi, bidoni, lile dumu la maji, sahani, redio, taa, blanketi lililokunjwa vizuri. Nikapanda juu ya kiti.

Mnaoishi sehemu zenye amani huenda hamjaona kosa. Jirani aliliona mara moja. Alichungulia juu ya ua, sauti imekauka:

"Papa Grâce, munasikia habari gani? Munakimbia?"

"Hapana, Mama. Ni picha tu."

"Picha ya bidoni?"

Akaondoka mbio. Nikasikia kwake sufuria zinagongana.

Hapo ndipo akili ilipaswa kunirudia. Haikurudi. Mama mkwe akaingia kutoka kwenye maombi, akatazama vile vyombo, akapita ndani moja kwa moja. Nikashukuru kwamba leo hakuna maswali, nikaendelea kupiga.

Alipotoka alikuwa amevaa viatu. Mzigo kichwani, Grâce mgongoni. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa:

"Papa Grâce, siye tunapita njia gani?"

Wakuu, nikashuka kwenye kiti. Nikachungulia ndani, msumari uko mtupu.

"Maman, hakuna vita. Ni picha ya nyumba yote."

"Kule Bule pia walisema hakuna kitu."

Akageukia njia. Na kwetu mkwe ni heshima, huwezi kumshika mkono mama wa mke wako, hata kumkazia macho ni shida. Ningemzuiaje? Nikaweka simu juu ya kiti, picha zikiwa wazi, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Maman, angalia kwanza. Kisha tutaenda fasi unataka."

Akasita. Akakaribia. Akatazama ule msitu, ule mwezi, kisha vyombo vya uani, akarudia tena tangu mwanzo.

"Hii ni uma?"

"Ndiyo, Maman. Niliisimamisha na sabuni."

Akashusha mzigo, akaketi juu yake. Akamshusha Grâce mgongoni, akampakata. "Roho yangu ilikuwa inatoka, baba," akasema. Nikaomba msamaha. Nikamwita jirani naye nikamwomba. Jirani amenuna mpaka leo.

Nikaanza kukusanya vyombo. Mama akanizuia.

"Unasema ni nyumba yote. Kitu yangu haiko."

Akafungua fundo. Kutoka chini kabisa, chini ya nguo zote, akatoa kifuniko cha sufuria. Kifuniko peke yake.

"Sufuria ilibakia ku moto, na maharagi ndani. Nilikamata hii tu, nikakimbia. Sijui sababu gani."

Akakiweka mwenyewe kando ya termosi. Nikapanda kiti, nikapiga. Machozi yalinisumbua kidogo, ndiyo maana picha haijakaa sawa.

Nilichojifunza: kabla hujapanga vyombo, fikiria nani atapita hapo na macho yake yameona nini. Mwanga ni kitu cha pili.

Mke wangu aliporudi alikuta mama amebandika maharagwe jikoni, na juu ya sufuria yetu kuna kifuniko cha mama. Ni kidogo, kinayumba, mvuke unatokea pembeni. Hakuna aliyethubutu kukibadilisha. Kile kitenge cha mzigo kimefuliwa, kinakauka kwenye kamba.

Picha iko hapo chini, komenti ruksa. Ila anayetaka kuniambia kifuniko kimekaa pembeni mno, namjibu mapema: aliyekiweka hapo ni mwenye nyumba.