Kibanda cha Misumari ya Shaba

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na sijivunii. Julai ile hasira zilinipanda kwa sababu ya namba.

Tulikuwa tumeunda kifaa cha kupima sumaku ya dunia, kidude cha kutosha kiganjani, ambacho kingerushwa angani ndani ya setilaiti ndogo. Kabla ya kusafirishwa ilibidi tukijaribu mahali pasipo na chuma, tujue kama kinasema ukweli, maana kule juu hakuna fundi wa kukirekebisha. Basi tukajenga kibanda cha mbao mtaani Kitisuru, nyuma ya bustani ya rafiki, kwa misumari ya shaba tupu. Ukiingia humo unavua mshipi, saa na viatu, unaacha simu na funguo nje. Mimi niliacha hata sidiria yenye waya. Hakuna aliyeona aibu, ndiyo kazi.

Nyaya za kifaa kile zilizungushwa kwa mkono na fundi wetu, mzee aliyebakisha miezi michache astaafu. Ni yeye pia aliyekuwa akikigeuza huku na huku juu ya meza ya mbao, nami nikisoma namba kwenye kompyuta, mbali huko nje kwenye nyasi. "Hii ndio kazi yangu ya mwisho, madam," aliniambia. "Ikienda vizuri, nimeshukuru."

Namba zilikataa kutulia. Kila mzee akisogea, nazo zinasogea. Siku tatu nzima! Na kifaa kilitakiwa kuondoka Ijumaa. Alhamisi asubuhi, baridi ikiwa kali, nikamwambia ana kitu mfukoni.

"Sina kitu, madam."

"Basi geuza mifuko."

Akageuza. Mitupu. Nikamwambia avue shati. Mzee wa umri wa baba yangu akavua, akabaki na suruali ya kamba, akitetemeka, na bado namba zilisogea. Ningeachia hapo. Sikuachia. Niliingia na kifaa cha akiba, chenye kioo chake cha namba, nikakipitisha mgongoni mwake polepole, vile askari wa benki hukagua watu mlangoni. Chini ya bega la kushoto namba ziliruka. Palikuwa na kovu dogo.

"Hapa kuna nini, Mzee?"

"Hapo ndio nilipigwa risasi na wezi wa gari. Ni kitambo, watoto walikuwa bado shule." Akageuza shingo kunitazama. "Lakini hiyo walitoa. Waliniambia walitoa."

Alivaa shati, akakosea vifungo, akavifungua na kuanza upya.

Eksirei alipigwa hospitalini Hurlingham siku hiyo hiyo. Risasi ilikuwa ndani, ya ganda la chuma, imelala karibu na uti wa mgongo. Daktari alisema kuitoa sasa ni hatari kuliko kuiacha, na kwa kuwa haijawahi kumsumbua, aishi nayo tu. Mimi nilirudi kibandani mchana huo, nikamaliza vipimo peke yangu. Bila yeye, namba zilitulia. Ijumaa kifaa kikaondoka, na leo kiko juu kinafanya kazi, watu wananipongeza.

Mwezi uliopita nilimtembelea kwake Woodley. Mke wake alinipokea vizuri, akaniita jikoni kana kwamba anataka nimsaidie vikombe.

"Huyu mzee alikuwa analala vizuri miaka yote," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa analala amekaa kwa kiti. Mjukuu hambebi tena. Anasema risasi inatembea, anaisikia. Si ungenyamaza tu, mama?"

Nilitaka kumwambia mumewe alikuwa na haki ya kujua. Sikumwambia, kwa sababu mimi sikupima mgongo wa yule mzee kwa ajili ya haki yake. Nilitaka kumshinda ubishi. Nilisimama pale nimeshika sukari, na sijui kama niliomba msamaha au nilifikiria tu kuuomba.

Sebuleni mzee aliita. "Madam, kwani zile namba zilikuja aje?"

"Zilikuja safi, Mzee," nilimjibu.

Akacheka kwa furaha, taratibu, ameshika mikono ya kiti ili mgongo usitikisike.