Sakafu Iliyokuwa Dari ya Baba

Harufu ya mawese yaliyomwagika kwenye mbao, yakakaa juani mpaka mbao zikayanywa, bado hunisimamisha njiani. Sokoni wanangu hunivuta mkono, "Mama, twende," nami nimesimama mbele ya wauza mafuta, naangalia miguu yangu kana kwamba nimeangusha kitu. Wacha nikuambie wewe, msomaji, maana wao nimewachosha: natafuta ufa.

Nilipokuwa mdogo tuliishi juu ya depo, ghala la bidhaa, pale Walikale, katika nyumba ya etaje, ghorofa ya tajiri mmoja. Barabara nzima hapakuwa na nyingine ya namna hiyo. Chini duka na depo, juu vyumba vya wafanyakazi wake, na ngazi moja ya mbao iliyotuunganisha sote. Baba alikuwa magazinia: alipokea mawese na mchele, akavipima, akavipanga. Sisi tulitoka Bihambwe, kwenye vilima vya Masisi, ambako nyumba hukaa chini kama kuku anayeatamia. Kuishi mahali ambapo mtu mwingine anakohoa chini ya kitanda chako kulinishangaza kila asubuhi.

Nililala kifudifudi, jicho kwenye ufa wa sakafu, nikaitazama dunia ya chini: kipara cha dereva wa kamio, vikapu vya wanawake waliotoka Mpofi, kofia ya baba ikienda na kurudi. Nilikuwa na maswali mengi kuliko meno. Sakafu hii ni yetu, au ni dari yao? Mchele wetu ukipenya kwenye ufa, unakuwa wa tajiri? Mama aliniambia kinywa changu hakina mlango.

Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo, mtoto aliyenifuata alizaliwa hapo hapo juu, wala hakulia, na tangu siku ile mama alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Safari hii alitaka kitu kimoja tu: mama yake awe karibu. Baba akampa dereva ujumbe, na bibi yetu, tuliyemwita Koko, akashuka kutoka Bihambwe juu ya kamio, ameketi kati ya magunia ya viazi, kibuyu cha maziwa mapajani.

Alipanda ngazi akiushika ukuta. Akaingia, akakaa kitandani, akaangalia sakafu. Kwenye ufa akaiona ile kofia. Akainua miguu yote miwili.

"Huyu njo mukwe wangu, iko chini yangu?"

"Njo kazi yake, mama," mama akajibu. "Iko napima mafuta."

"Basi miye siwezi kukaa hapa. Nitarudi na kamio ya siku ya soko."

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hucheka. Kwetu mtu na mama mkwe wake walikuwa hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye migomba. Hawakula pamoja, wala hawakulala chini ya paa moja. Baba aliyajua hayo, naye alikuwa amekwisha kuhamishia mkeka wake kwa dereva. Ila mchana hakuna aliyeufikiria. Wazee wa Bihambwe waliweka sheria za njia, za sahani na za vitanda, lakini hawakuwahi kuona mama mkwe akitembea juu ya kichwa cha mkwe wake, tena amejifunga kikwembe kiunoni, tena mbao zina nyufa!

Koko akabaki kitandani, miguu juu. Chungu kikafurika, hakushuka. Mama akainama kufua huku ameshika kiuno, hakushuka.

"Ulikuja kuniangalia tu?" mama akamwuliza, akaanza kulia. Koko naye akalia, lakini miguu ikabaki juu.

Baba akagongelea magunia kwenye dari ya depo. Nyufa zangu zote zikazibwa. Siku hiyo nililia kuliko mama. Koko alitikisa kichwa tu. "Gunia haiondoi juu," alisema. "Juu iko juu."

Kesho yake baba akautoa mzani nje. Akautundika kwenye mti wa uzio, kando ya barabara, akapima mawese kati ya mbuzi na makamio. Watu walimcheka: "Papa Zakaria, depo imekufukuza?" Tajiri aligomba, baba akaitikia kila neno, na mzani ukabaki pale pale. Na mvua ya Walikale haipigi hodi.

Koko aliisikia sauti ya mkwe wake ikitoka mbali. Akanituma verandani. "Angalia muzuri. Iko inje kweli?"

"Iko inje, Koko. Mvua inamunyeshea."

Akashusha mguu mmoja. Akasikiliza. Akashusha wa pili, na mbao zikalia. Siku ya soko kamio iliondoka bila yeye. Baba akitaka pipa la ndani, aliita kwanza jina langu kwa sauti kubwa, "Anjelina!", na Koko alikaa kitandani mpaka atoke.

Mtoto alikuja mchana, soko limejaa, mvua inanyesha. Koko akanitoa chumbani, nikamkimbilia baba. Alisimama pale kwenye mzani, maji yakimtiririka kwenye kofia. Kutoka juu tulisikia miguu ya Koko: inakwenda dirishani, inarudi, inakimbia.

"Papa, ingia depo, utagonjwa!" watu waliojibanza ukutani walimwita.

"Hapana. Muache mama atembee."

Kisha miguu ikasimama. Baba akavua kofia. Nilimshika suruali. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, mpaka wauzaji wakapiga vigelegele, na baba akaketi juu ya pipa, akalia mbele ya soko zima.

Koko alipoondoka, alishuka ngazi amejifunika kikwembe usoni, na baba aligeukia ukuta. Hawakuagana. Nilidhani baba alikuwa anamwogopa, nami nilimhurumia kwa miaka mingi.

Leo nina wakwe wawili. Ni vijana wazuri. Hunikumbatia, hula nami sahani moja, huniita mama mbele ya watu, na mimi hufurahi, sisemi uongo. Lakini binti yangu mkubwa alipojifungua, nilikwenda kumsaidia, na siku ya kwanza tu akaninong'oneza: "Mama, polepole, bwana wa nyumba iko analala." Nikamchemshia uji mtoto wangu nikitembea kwa ncha za vidole. Hapo ndipo nilipomwelewa baba, kule mvuani.